Trekta Ndogo Ikitetema, Usitazame Palipovunjika Tu

Mvua za masika zikikaribia, pita penye fundi wa kuchomelea chuma katika kituo cho chote cha biashara nawe utaona vyuma vimewekwa chini vikingoja zamu. Hapo pana kitako cha injini kilichopasuka, mkono wa trekta uliokatika, paipu ya moshi iliyovunjika shingoni, na pengine tangi la petroli linalovuja. Wenyewe wameketi kando wakitazama mawingu. Kila siku wanayokaa hapo ni siku ambayo shamba halilimwi, na mkulima wa skimu anajua kwamba deni la shamba halingojei mvua wala fundi.

Makala haya yameandikwa kwa ajili yako wewe uliye na trekta ndogo ya zamani, ile yenye magurudumu mawili, ambayo mwenyewe huenda nyuma yake kwa miguu akiishika mikono. Trekta hizi zimepita mikononi mwa watu wengi. Wewe huenda ni mtu wa tatu au wa nne kuimiliki, na huenda mmeinunua watu kadhaa kwa shirika. Ukiitunza bado itakulimia viazi, mboga na mahindi kwa miaka mingi. Lakini lazima ujue adui yake, nayo ni mtetemeko.

Neno la kushika ni hili: chuma kikivunjika katika trekta ndogo, mara nyingi si chuma hicho kilicho kibovu. Kiko kitu kingine kinachokitikisa. Ukichomelea palipovunjika bila kutafuta kinachotikisa, patavunjika tena, au patavunjika kando yake.

KWA NINI INJINI HUTETEMA

Trekta nyingi za namna hii zina injini ya silinda moja. Ndani ya silinda mna pistoni, nayo hupanda na kushuka. Kila shafti kubwa ya injini izungukapo mara moja, pistoni husimama mara mbili, mara moja juu na mara moja chini, kisha hugeuka kurudi ilikotoka. Kitu kizito kinachokwenda mbio kisha kikasimama ghafula lazima kisukume kilichokishika. Mtu aliyesimama juu ya lori ajua jambo hili dereva anapokanyaga breki.

Ili kupunguza kusukuma huko, watengenezaji huweka uzito upande wa pili wa shafti. Lakini uzito huo huzunguka, hali pistoni hupanda na kushuka tu, kwa hiyo hauwezi kuondoa mtetemeko wote. Ukiongezwa upate kutuliza wa juu na chini, unaanza kutikisa mbele na nyuma. Kwa sababu hiyo injini ya silinda moja, hata iliyo mpya, hutetema kidogo. Hiyo ni tabia yake. Ile ya dizeli hutetema zaidi ya ile ya petroli. Kinachotuhusu hapa ni mtetemeko uliozidi, ambao haukuwapo mwaka jana.

Sasa tufanye hesabu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kwa saa moja itazunguka mara 180,000. Ukilima saa 8, ni mara 1,440,000. Basi kila bolti na kila bamba la trekta yako hupigwa zaidi ya mara milioni moja kwa siku moja ya kazi.

Tena tuseme puli ya injini imevunjika ukingoni, kipande cha kadiri ya dole gumba kimetoka, uzito wake gramu 100, na mahali pake ni sentimita 10 kutoka katikati. Utadhani gramu 100 si kitu. Lakini kwa mwendo ule wa mara 3,000, puli hiyo sasa itavuta upande mmoja kwa nguvu ya kama kilo 100. Hiyo ni zaidi ya gunia la mahindi la kilo 90, linalovuta juu, kisha chini, mara 50 kila sekunde. Ukipunguza mwendo hadi mara 1,500, nguvu hiyo haipungui nusu tu, bali hushuka mpaka kama kilo 25, yaani robo. Liweke jambo hili moyoni: mwendo ukizidishwa mara mbili, kutikisa huzidi mara nne.

JINSI CHUMA KINAVYOCHOKA

Chukua kipande cha waya wa seng'enge. Ukikivuta kwa mikono huwezi kukikata. Lakini ukikikunja huku na huku mara nyingi, kinakatika. Chuma cha trekta huchoka kwa njia kama hiyo, ila kukunjwa kwake ni kudogo mno hata macho hayakuoni. Ufa huanzia mahali padogo, kama kwenye kona kali, tundu la bolti, alama ya nyundo au ukingo wa chuma kilichochomelewa. Kila mtikisiko huusogeza mbele kidogo sana. Siku chuma kilichobaki hakitoshi kubeba kazi, kinakatika ghafula, na mtu husema, "Jana kilikuwa kizima."

Watu walijifunza jambo hili kwa msiba. Tarehe 8 Mei, 1842, gari la moshi lilikuwa likitoka Versailles kurudi Paris, katika nchi ya Ufaransa. Karibu na Meudon ekseli ya kichwa cha gari ilikatika, mabehewa yakapandana na kuwaka moto, na watu zaidi ya 50 wakafa. Baadaye, katika miaka ya 1850 na 1860, mhandisi wa reli wa Kijerumani aitwaye August Wöhler alizipima ekseli kwa kuzikunja mara nyingi sana kwa mashini. Aliona kwamba chuma huvunjika kwa mzigo mdogo kuliko ule unaoweza kukivunja mara moja, mradi mzigo huo urudiwe mara nyingi. Lakini aliona na jambo jema pia. Mzigo ukipunguzwa chini ya kadiri fulani, chuma cha pua kinaweza kupigwa mamilioni ya mara kisivunjike.

Faida yake kwetu ni kubwa. Huna haja ya kuondoa mtetemeko wote. Ukiupunguza wa kutosha, kitako kilichokuwa kikivunjika kila juma kinaweza kudumu miaka.

Kwa hiyo, chuma kikivunjika, usikitupe wala usikipeleke kwa fundi kabla hujasoma uso wake. Kipanguse kwa kitambaa ukitazame juani. Ukiona sehemu moja ni laini na nyeusi au yenye kutu, pengine na mistari iliyopinda kama mawimbi ya maji yafikapo ufukoni, na sehemu nyingine ni ya kung'aa yenye chengachenga, ujue kimechoka kwa mtetemeko. Ile sehemu nyeusi ni ufa wa siku nyingi. Ile ya kung'aa ndiyo iliyokatika leo. Lakini ukiona uso wote ni wa kung'aa na chuma kimepinda, basi kimevunjwa kwa pigo moja, kama la jiwe au kisiki.

KITAKO KILICHOVUNJIKA MARA TATU

Mkulima mmoja wa nyanda za juu alikuwa na trekta ya namna hii pamoja na jirani zake watatu. Kitako cha injini, yaani bamba ambalo injini hukalia, kilipasuka kabla ya mvua. Fundi akakichomelea. Baada ya siku chache za kulima kikapasuka tena. Fundi akaongeza bamba nene juu yake. Safari hii bamba halikupasuka, bali kitako kilipasuka kando ya bamba, na juma hilo hilo paipu ya petroli ikakatika penye tangi, petroli ikadondokea injini yenye moto. Ilikuwa bahati njema kwamba haikuwaka. Wakati huo mvua ilikuwa imekwisha kunyesha, na fedha za maziwa za mwezi mzima zilikuwa zimekwenda kwa fundi. Wale jirani walianza kunung'unika, na mmoja akataka arudishiwe fungu lake.

Fundi wa pili, mtu mzima, hakukigusa kitako. Kwanza aliuvua mkanda akawasha injini peke yake. Ikatetema vile vile. Akaizima, akavua waya wa plagi, akapitisha kidole ukingoni mwa puli. Pale nyuma, upande usioonekana, palikuwa na pengo. Mtu fulani zamani aliitoa puli hiyo kwa kuipiga nyundo, akaivunja ukingo, kisha akairudisha. Tena matundu mawili ya bolti za injini yalikuwa yamelika mpaka yakawa mfano wa yai. Walinunua puli nyingine iliyotumika, wakaziba matundu na kuyatoboa upya, wakachomelea kitako mara ya tatu. Hakikupasuka tena msimu ule.

Angalia kwamba fundi wa kwanza hakuwa mbaya wa kazi. Alitengeneza alicholetewa. Mwenye trekta ndiye aliyepaswa kuuliza, "Ni nini kinachokivunja?"

TAFUTA CHANZO KWA UTARATIBU

Kabla ya kutia mkono wako, zima injini, ingojee ipoe, uvue waya wa plagi na kuuweka mbali. Kama ni ya dizeli, funga mafuta. Injini iliyozimwa inaweza kuwaka ukiigeuza kwa mkono, na vidole havichomelewi.

Kisha fuata hatua hizi moja moja, ukianza na zile zisizogharimu kitu.

1. Osha trekta. Tope lililogandamana upande mmoja wa gurudumu au wa visu ni uzito usiolingana. Tena huwezi kuona ufa chini ya tope na oili.

2. Kaza bolti za injini. Tazama kwanza kama pana unga mwekundu wa kutu kuzunguka kichwa cha bolti au katikati ya mabamba mawili. Unga huo ni alama ya vyuma vinavyosuguana, maana yake bolti imelegea hata kama spana haiigeuzi. Toa bolti utazame tundu. Kama limekuwa mfano wa yai, kukaza hakutasaidia kwa siku nyingi.

3. Tazama mipira ya injini, kama trekta yako inayo. Mpira uliolowa oili huvimba na kulainika. Mpira mzee huwa mgumu na kupasuka. Ibadilishe yote pamoja, kwa sababu mpya na mzee havibebi sawa.

4. Vua mkanda, au weka injini isishike kitu, uiwashe kwa mwendo wa kiasi. Hatua hii ndiyo inayogawanya kazi yote. Ikiwa mtetemeko umekwisha, tafuta katika mkanda, puli ya chini, gia au visu. Ikiwa bado uko, chanzo ki katika injini au katika puli yake.

5. Sikiliza mlio. Injini inayokosa moto mara kwa mara hutikisika kama mtu mwenye kwikwi. Safisha plagi, mwaga maji yaliyo chini ya petroli, safisha kabureta na kichujio cha hewa. Hii ni kazi ya nusu saa.

6. Pima shafti. Injini ikiwa imezimwa na plagi imetolewa, funga waya mgumu kwenye fremu, ncha yake ikaribie ukingo wa shafti inapotokea nje, iache nafasi ndogo ya unene wa karatasi chache. Zungusha injini kwa mkono polepole. Nafasi ikiwa sawa mzunguko wote, shafti imenyoka. Ikipanuka na kubana, shafti imepinda. Shafti iliyopinda haigongwi nyundo ili inyoke. Hata ikionekana imenyoka, ufa huwa umeanza ndani yake, nayo itakatika shambani. Nunua nyingine.

7. Tazama puli na flaiwili, yaani lile gurudumu zito la injini. Pima puli kwa waya ule ule. Katika injini ya kupozwa kwa upepo, flaiwili ina mapezi ya kupuliza hewa. Pezi moja likivunjika, injini hutetema na tena hupata moto kupita kiasi. Usivunje la upande wa pili ili kusawazisha, maana utazidi kupunguza upepo. Angalia pia kii, kile kipande kidogo cha chuma kinachofunga flaiwili na shafti. Kikikatika nusu, flaiwili huhama kidogo, moto wa plagi huja wakati usiofaa, na injini hupiga teke.

8. Hesabu visu vya kulimia. Mwaustralia Arthur Clifford Howard alipoanza kujaribu visu vya kuzunguka mwaka 1912, visu vyake vya kwanza vilitupa udongo pembeni, ndipo baadaye akatumia visu vilivyokunjwa mfano wa herufi L. Tangu hapo visu hupangwa kwa zamu, kimoja kipige udongo baada ya kingine, ili trekta isirushwe. Kimoja kikipotea, au kimoja kikiwa kipya na mwenzake amelika nusu, zamu huharibika. Badilisha viwili vinavyoelekeana kwa pamoja, na kila kimoja kitazame upande wake wa zamani.

9. Tikisa beringi. Shika shafti uisukume juu na chini. Ikicheza na kugonga, beringi imekwisha.

Liko jambo la kumi kwa wale ambao injini zao zilifunguliwa karibuni. Ikiwa mtetemeko ulianza siku injini iliporudi kwa fundi, mwulize kama aliweka pistoni ya uzito ule ule wa zamani. Injini nyingine zina shafti ndogo za kutuliza mtetemeko, zenye alama kwenye meno yake. Zikirudishwa bila kulinganisha alama hizo, badala ya kutuliza hutikisa.

IKITETEMA KWA MWENDO MMOJA TU

Mara nyingine utaona mikono ya trekta inatetema vikali kwa mwendo fulani, lakini ukiongeza au kupunguza mafuta kidogo inatulia. Jambo hili ni kama bembea ya watoto. Ukiisukuma kwa wakati wake, hupanda juu sana hata kama unasukuma kwa kidole. Ukiisukuma ovyo, haiendi. Kila chuma kina wakati wake wa kutikisika, na injini ikiufikia, chuma hicho hucheza kupita kiasi.

Kwanza angalia kama bolti za mikono zimekazwa, kwa sababu kulegea hubadilisha wakati huo. Zikiwa zimekazwa, weka alama ya rangi kwenye kipini cha mafuta mahali pa mtetemeko huo, na usilime kwa mwendo huo. Pita haraka ukaenda mwendo mwingine.

KUTENGENEZA KILICHOVUNJIKA

Chanzo kikiisha kuondolewa, sasa nenda kwa fundi wa kuchomelea. Mwambie, au fanya mwenyewe kama unajua, mambo haya.

Tafuta mwisho wa ufa. Safisha chuma, pakaza mafuta ya taa, upanguse vizuri, kisha pakaza chaki. Mafuta yaliyoingia katika ufa yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Pale mstari unapoishia toboa tundu la kadiri ya milimita 3, ili ufa usiendelee mbele. Kabla ya kuchomelea hakikisha mafuta yote yamefutwa na chuma kimekauka. Kisha ufa uchimbwe kwa tupa au jiwe la kusaga mpaka uwe mfano wa herufi V, ili moto ufike chini. Kuchomelea juu juu ni kufunika kidonda.

Ikiwa unaongeza bamba la kutia nguvu, lisiishie ghafula kwa mstari ulionyoka kukata bamba la chini. Likatwe lichongoke au liviringe mwishoni. Kumbuka kitako cha yule mkulima, jinsi kilivyopasuka pale pale bamba lilipoishia.

Chuma cha kumimina, kama kile cha mwili wa injini na masanduku mengi ya gia, si cha kuchomelewa na kila mtu. Hutaka kutiwa moto kwanza polepole, vijiti vyake maalum, na kupoa polepole. Kikifanywa kwa haraka hupasuka upya kikipoa.

Tangi la petroli lisichomelewe wala lisisogezwe karibu na moto, hata kama limekaa tupu mwezi mzima. Mvuke unaobaki ndani hulipuka, na watu wameuawa hivyo. Ukichomelea fremu, tangi litolewe kwanza na kupelekwa mbali. Unapolirudisha, kata vipande vya mpira wa tairi kuukuu uviweke kati ya tangi na vishikizo vyake.

Paipu ya petroli ya shaba nyekundu huwa ngumu kwa kutikiswa, kisha hukatika. Ikunjwe duara moja katikati ili icheze bila kuvutwa, au itiwe kipande cha mpira unaofaa petroli.

BOLTI NA NATI

Trekta za zamani zimetoka nchi mbalimbali, na bolti zake hazifanani. Mashini za Kiingereza za zamani zilitumia meno ya Whitworth. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilipatana kutumia meno ya namna moja, na nyingine ni za milimita. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 kwa inchi. Ile ya mapatano, ya meno makubwa, ina 13. Ukivaa nati ya moja juu ya nyingine itaingia raundi chache kisha ibane, nawe utadhani imekaza. Lakini imekula meno tu, na mtetemeko utaitoa. Bolti ya inchi 3/8 ni ya hatari zaidi, maana zote mbili zina meno 16, na nati huingia mpaka mwisho ingawa pembe za meno hazilingani. Basi unapokwenda dukani, chukua bolti na nati ya zamani zote mbili, na nunua zote mbili pamoja.

Usitumie msumari wala waya mahali pa bolti. Washa ya springi iliyolala bapa haifai tena. Mahali panapotikisika sana, weka nati mbili, ya pili ikaze ya kwanza, au tumia nati yenye kufuli ya nailoni, lakini si karibu na paipu ya moshi, kwa kuwa nailoni huyeyuka. Bolti nne za injini zikazwe kwa kupishana pembe kwa pembe, kidogo kidogo, si moja mpaka mwisho kisha nyingine. Baada ya saa ya kwanza ya kazi, zima uzikaze tena.

Kisha chora mstari mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye fremu. Kila asubuhi utatazama tu. Mstari ukivunjika, nati imegeuka. Hata mtoto wa shule anaweza kukufanyia kazi hiyo kabla hajaenda darasani.

MIKONO YAKO NAYO

Mtetemeko unaovunja chuma huumiza na mwili. Mtu anayeshika mashini ya kutetema saa nyingi, siku nyingi, huanza kuhisi ganzi na kuwashwa vidoleni. Baadaye vidole huweza kuwa vyeupe wakati wa baridi, na kushika kifungo cha shati kukawa taabu. Ugonjwa huu ukizidi hauponi. Wewe unayelima asubuhi yenye baridi uangalie zaidi. Vaa glavu upate joto, vika mikono ya trekta mpira, usiishike kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, na mpishane kushika watu wawili. Ukiona ganzi haiishi usiku, nenda hospitali.

ANDIKA KATIKA DAFTARI

Nunua daftari la shule ulifunge pamoja na spana zako. Andika tarehe, saa ulizolima, kilichovunjika, mahali kilipovunjika, na fedha ulizolipa. Kama trekta ni ya shirika, kila mmoja aandike siku yake na kutia sahihi. Mahali pamoja pakiandikwa mara mbili, usilipe mara ya tatu kabla hujapitia zile hatua tisa. Na kama hesabu ya mwaka mmoja inakaribia bei ya trekta nyingine iliyotumika, au fundi amekuambia mwili wa injini umepasuka, ketini mfikiri kama yafaa kuendelea.

Kazi hii ifanyike mwezi mmoja kabla ya mvua, wakati fundi hana msururu wa watu na duka la vipuri lina nafasi ya kukuagizia kitu. Anza Jumamosi hii kwa hatua ya kwanza na ya pili. Unahitaji ndoo ya maji, kitambaa na spana. Ukikwama, mwendee Bwana Shamba au ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe, umchukulie na chuma chenyewe kilichovunjika, bila kukisugua wala kukipaka rangi, ili asome uso wake.